Kina cha Maji: Sifuri

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Hapa Ifakara, mtaa wa Lipangalala wote tope tupu, nimefika ofisini viatu mkononi. Na bado nikaambiwa nimechelewa!

Kikao. Dokta Nickolaus, mkubwa wa mradi, kavaa shati jipya. Projekta ikagoma mara tatu, ya nne ikakubali. Grafu ukutani – misimu kumi na moja ya methani, gesi ya kupasha dunia joto, kutoka kwenye mpunga wa Idete. Misimu sita ya kwanza hewa hiyo nimeichota mimi, kwa mikono hii, tope mpaka magotini, ruba wananing'inia. Mstari unakwenda, unakwenda, umetulia. Halafu 2020 unaanza kushuka. Asilimia thelathini na sita! Dokta anasema hayo ndiyo matunda ya kukausha majaruba kwa zamu: mpunga usikae majini wakati wote, tope lipate kupumua, gesi ipungue. Makofi. Na mimi nikapiga.

2020 ndio mwaka walioninyang'anya pikipiki. Eti mafuta ghali, wewe kaa ofisini upange vichupa, Agapiti yuko hukohuko Idete, atachota yeye. Agapiti ni ndugu wa marehemu mume wangu, mtoto wa baba mdogo. Nilimfundisha alasiri moja tu. Boksi la plastiki unafunika juu ya mpunga, unangoja nusu saa, unavuta hewa kwa bomba la sindano, unajaza kichupa, unaandika fomu. Kila Jumanne ya msimu. Kwaheri.

Sasa habari yenyewe. Wageni, wafadhili, wanakuja Jumanne tarehe 18. Watamwona Agapiti akichota, kisha watasaini na kamati ya mfereji: lango la maji litafungwa kwa ratiba kwa Idete nzima, siku kumi, mara mbili kila msimu. Wifi yangu Kandida, dada yake marehemu mume wangu Fidel, jaruba lake liko mwisho kabisa wa mfereji. Mwaka jana walimweka kwenye majaribio. Lango likafungwa siku kumi – maji yakamfikia siku ya ishirini na tatu! Mpunga ukaungua, magugu yakastawi. Kavuna magunia manne, pale pale palipokuwa panatoka kumi na mawili. Kwenye grafu Kandida hayumo.

Bibi Sikitu, ambaye jaruba lake limepakana na letu la kupimia, tangu siku ya kwanza aliuita huu mradi wa mashuzi ya mpunga. Akasema kumbe shida zote za watu zimekwisha, sasa zimebaki za mpunga. Nilicheka siku ile. Leo sicheki.

Kazi niliyopewa: kupanga fomu zote za Idete kwenye mafaili ya plastiki, wageni wapekue. Miaka kumi na moja, na mimi napanga karatasi.


Jumanne, 4 Machi 2025

Nimekuta fomu moja. Nainakili hapa ilivyo.

Jumanne, 14 Machi 2023. Saa nne asubuhi. Joto 27. Kina cha maji: 0. Mchukuaji: Agapiti.

Siku hiyo tulimzika Fidel.

Nani atanidanganya mimi kuhusu siku hiyo? Mvua ile! Kaburi lilijaa, vijana wakawa wanachota maji na ndoo, padri anasubiri chini ya mwavuli. Agapiti mwenyewe alikuwa ndani ya shimo, tope kifuani, anapokea ndoo tupu, anapandisha iliyojaa. Idete nzima ilikuwa bwawa. Sasa huyu mtu alikwenda shambani saa ngapi? Na shamba gani hilo lililokuwa kavu siku ile, kina sifuri?

Nikatazama majibu ya gesi kutoka maabara. Wiki iliyotangulia, 14. Wiki iliyofuata, 15. Ya mazishi, sifuri nukta moja. Pembeni Dokta kaandika kwa kalamu ya kijani: "Shamba limekauka. Safi sana."

Safi sana! Mume wangu yuko kwenye jeneza, safi sana.

Sikula mchana.


Jumatano, 5 Machi 2025

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa, nikarudi ofisini na paji la uso jeusi. Nimehesabu. Misimu mitano ya Agapiti, fomu zenye sifuri mbili kama ile, ya maji na ya gesi, thelathini na nne. Misimu sita yangu – hakuna hata moja. Sikumwambia mtu.


Jumamosi, 8 Machi 2025

Nimekwenda Idete kwa bodaboda. Barabara imeoza, tumeanguka mara moja, goti limechubuka. Basi tena.

Agapiti nilimkuta uwanjani kwake anasuka mgono wa kutegea samaki. Karibu shemeji, karibu, akainuka, akaniletea kiti, akamwambia mkewe aweke wali. Mtu mpole kupita kiasi, ndivyo alivyo. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kuanza.

Nikamwuliza, shemeji, siku tuliyomzika Fidel ulikwenda shamba saa ngapi?

Akashtuka hasa. "Shamba? Siku ya msiba wa kaka? Shemeji, unanionaje?"

Na fomu je?

"Fomu nilijaza. Si mlisema vichupa visirudi vitupu?"

Hewa ulichota wapi?

"Pale pale msibani. Upenuni."

Hivyo tu. Bila aibu, bila kujificha. Akanieleza kama anayemweleza mtoto: mtu akifa Idete, hakuna anayekanyaga shamba mpaka azikwe. Akikutwa na jembe anatozwa jogoo na kusemwa mpaka uzeeni. Hayo nayajua, nimeolewa humo! Na ofisi nayo imesema kila Jumanne kichupa kijae. Sasa yeye afanyeje? Akawa analichukua boksi, analigandamiza chini penye msiba, anangoja nusu saa, anavuta, anajaza. Kijiji hakijavunjiwa heshima, ofisi imepata kichupa chake.

"Mlitaka hewa ya Idete, shemeji. Nimewapa ya Idete."

Na kina cha maji? Aliweka rula chini. Upenuni hapana maji. Akaandika sifuri. "Ningeandika nini? Nidanganye?"

Mtu hajadanganya hata mara moja! Aliyedanganya ni nani basi? Mimi nilipokuwa nachota, msiba ukiangukia Jumanne nilisogeza mpaka Alhamisi na kuandika hivyo. Nilidhani atajua. Atajulia wapi? Alasiri ile nilimwonyesha jinsi ya kufanya, sikumwambia kwa nini. Sikumwambia gesi inatoka chini, kwenye tope lililolala majini, na kwamba uwanja uliofagiliwa hautoi kitu. Nilikuwa na hasira za pikipiki. Nilitaka nimalize niondoke. Hasira zangu za alasiri moja, na leo Dokta anapigiwa makofi!

Nilipomweleza, aliuweka mgono chini. Kisha akauliza kama watamfunga. Nikasema hapana. Sina uhakika.

Bibi Sikitu alipita njiani na kuni kichwani, anakohoa. Nikampa shikamoo. Akauliza mashuzi ya mwaka huu yakoje, yamenona? Huyu bibi!


Jumapili, 9 Machi 2025

Nililala kwa Kandida. Baada ya ibada nimemwomba katekista Raimundi daftari la marehemu wa kigango. Akaniuliza natafuta nini humo. Nikasema natafuta Jumanne. Akaniachia.

Tumekaa na Agapiti, yeye ananisomea, mimi naweka alama kwenye orodha yangu. Sifuri – msiba. Sifuri – msiba. Mzee Evod. Mke wa mwalimu. Pacha wa Aurelia, wote wawili, wiki mbili mfululizo. Thelathini na moja wamo daftarini. Watatu hawamo. Agapiti akafikiri, akasema wawili walikuwa Waislamu, tena akawataja majina, na wa tatu ni kichanga ambaye hakubatizwa. Thelathini na nne. Hakuna kilichobaki.

Kumbe ule mstari mzuri wa Dokta unaoshuka ni watu wetu tunaowazika! Kila kaburi, gesi imepungua.

Nikatoa Jumanne zote za misiba, nikapiga hesabu upya mara tatu. Kukausha kunapunguza, sikatai. Kumi na mbili kwa mia. Si thelathini na sita. Kumi na mbili tu, na ndani yake yamo magunia manane aliyoyapoteza Kandida.

Kandida alikuwa anasuka ukili upande wa pili, ametusikia tunasoma majina. Akauliza tunaandaa misa ya marehemu? Nikasema ndiyo. Nimemdanganya wifi yangu, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima.


Jumanne, 11 Machi 2025

Nimemwambia Dokta.

Nilingoja saa nzima mlangoni kwake. Nikaweka orodha mezani, na majina, na tarehe. Dokta Nickolaus si mtu mbaya, niandike ukweli. Kwenye msiba wangu alikuja mwenyewe, alisimama kwenye mvua na viatu vyake vile. Alisoma yote. Akavua miwani. Akasema maskini, maskini Agapiti.

Nikadhani yamekwisha.

Akavaa miwani. Akasema data zimeshafungwa, ripoti imeshatumwa, wageni wameshakata tiketi. Haya tutayaweka kwenye tanbihi, mwakani. Nikamwambia Dokta, mwakani lango litakuwa limeshafungwa. Nikamwambia bado kuna kupungua, kumi na mbili ni kweli, waambie kumi na mbili, watu wa mwisho wa mfereji watafutiwe utaratibu wao. Akacheka kidogo, kicheko cha uchovu.

"Mama Eveline, kumi na mbili hakuna anayepanda ndege kuja kuitazama."

Kisha taratibu, kwa upole kabisa, akasema wakichunguza watauliza nani alijaza fomu. Zina jina la nani? Na nani alimfundisha? Akasema anatufikiria sisi. Mkataba wangu unaisha Juni, binti yangu Eveline yuko kidato cha tatu, anajua yote hayo, ameyataja moja moja.

Nikasema ahsante Dokta. Ahsante! Mdomo huu. Nimetoka pale nikasonya mpaka mlinzi akageuka.


Ijumaa, 14 Machi 2025

Miaka miwili. Tumesali misa ya asubuhi, mimi na Eveline. Aliimba vizuri, baba yake angefurahi.

Mchana nilikwenda stoo kutafuta kichupa cha siku ile. Sijui kwa nini. Nilitaka kukiona tu, nikishike. Agapiti aliniambia, Jumamosi ile, kwamba siku ya Fidel boksi aliliweka upenuni chini ya dirisha la chumba nilichokaa mimi na wanawake. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kaburini, akanawa mikono kwanza ili asichafue sindano. Nusu saa nzima alichuchumaa pale anatusikia tukilia.

Kumbe hewa ile ilikuwepo. Pumzi zetu, moshi wa masufuria, harufu ya mvua. Ilisafiri mpaka Ifakara, ikapimwa kwenye mashine, ikaitwa safi sana.

Mtu wa stoo akaniambia vichupa huoshwa na kutumika tena, dada, unajua mwenyewe. Ninajua. Mimi ndiye niliyeweka utaratibu huo.

Nimelia stoo. Naandika ili nisijifanye sikulia.


Jumatatu, 17 Machi 2025

Wageni wamefika. Wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mrefu. Yule mrefu amejifunza Kiswahili, kanipa shikamoo mbele ya wote, nikaitikia marahaba, watu wakacheka. Akapekua mafaili yangu, anasoma kwa sauti polepole kama mtoto wa darasa la pili: "Ki-na cha ma-ji." Dokta anamsifia. Mimi nimesimama kama nguzo.

Kandida kapiga simu. Wifi, kesho ni kweli mnatufungia maji? Watu wa mfereji wanasema ofisi yenu ina ushahidi. Nikamjibu sijui, hayo ni ya wakubwa. Akasema haya wifi, usiku mwema. Ilikuwa saa kumi alasiri! Aliaga tu ili akate.

Simlaumu. Miaka kumi na moja nimekula wali wake.


Jumanne, 18 Machi 2025

Naandika nikiwa ndani ya gari la ofisi, Idete, uwanjani kwa Agapiti, mlango wazi. Daftari hili liko chini ya fomu.

Bibi Sikitu amefariki alfajiri. Kifua. Tulipoingia kijijini tukaona wanawake wanapita na ndoo na mchele vichwani, kimya, hakuna jembe hata moja njiani. Nikajua kabla hatujaambiwa. Kutoka kwake mpaka kwa Agapiti ni nyumba tatu, kilio kinafika mpaka hapa.

Kazi yetu sisi imeendelea! Dokta ameteremka, amewaonyesha wageni milima, mfereji, lango. Kamati ya mfereji nayo imekuja, wawili tu, wengine wanachimba kaburi. Kandida amesimama nao, kitenge kiunoni, ametokea jikoni kwa marehemu. Amenipa mkono bila kunitazama.

Dokta akamwambia Agapiti haya, twende jarubani, nusu saa tu. Agapiti kashika boksi kwa mikono miwili.

"Dokta, leo hatukanyagi shamba."

Dokta akacheka, akasema kitu kwa Kiingereza, yule mama mgeni akaitikia kwa kichwa, kwa huruma. Nikadhani tutaahirisha. Alhamisi, kama zamani. Nikafungua mdomo niseme Alhamisi. Dokta alikuwa amekwisha msogelea Agapiti. Kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu, nimesikia kila neno.

"Basi weka hapahapa uwanjani. Ni ya picha tu."

Anajua! Nimempa majina thelathini na nne kwa mkono wangu, ameyasoma akavua miwani, na anasema weka hapahapa. Akanigeukia: mama Eveline, jaza fomu, wageni waondoke nayo kama kumbukumbu.

Saa nne na dakika kumi. Agapiti hajaliweka boksi. Amesimama kati ya uwanja na njia ya shamba, anakuja mpaka mlango wa gari. Anauliza, shemeji, niliweke wapi? Mara ya kwanza tangu 2020 ananiuliza. Kandida amesikia. Sasa ananitazama.

Nikamwambia liweke chini, shemeji. Chini tu, usilifunike. Nenda msibani.

Amelilaza ubavu. Amevua kofia. Hajaondoka bado.

Nimejaza tarehe. Nimejaza joto. Kwenye kina cha maji mkono umekataa kuandika sifuri. Nimeandika: Leo tunamzika Bibi Sikitu, jirani wa shamba hili. Hatukuchota. Nimeandika kwa herufi kubwa, moja moja, hata mtu wa darasa la pili atazisoma.

Dokta anakuja huku, mkono ameshaunyoosha anataka fomu. Yule mgeni mrefu yuko hatua mbili mbele yake.